Ufa wa Chungu na Kimya cha Mwuzaji

Nabii Yeremia alitumwa na Mungu ashuke hadi nyumbani kwa mfinyanzi, apate kusikia huko neno la Bwana. Hakutumwa kwa wafalme wala kwa wenye elimu. Alitumwa kwa mtu mwenye matope mikononi. Akamwona akifanya kazi yake, na chombo kikaharibika mkononi mwake. Lakini mfinyanzi hakuutupa udongo ule, bali aliukusanya akafinyanga chombo kingine. Hivyo Mungu alimfundisha nabii wake jambo kubwa kwa kazi ndogo.

Watu wa Butembo na Beni hawana haja ya kwenda mbali ili kulielewa fundisho hilo. Wanande, ndio Wayira, walimwita Mungu Nyamuhanga, maana yake Muumba, tangu kabla ya misioni kuwafikia. Na katika Kiswahili neno kuumba lina kazi mbili: Mungu aliumba dunia, na mfinyanzi aumba chungu. Tena katika nchi za Maziwa Makuu vyungu vimefinyangwa kwa mikono kwa muda wa miaka zaidi ya 2000. Kwa hiyo yafaa wakatekumeni waitazame kazi hiyo kwa makini, kwa sababu ndani yake limo swali moja la adili ambalo kila mtu hukutana nalo sokoni, nyumbani na hata mlangoni pa kanisa.

I. Kujifunza kwa mikono

Mwenye kujifunza ufinyanzi haanzi kwa kufinyanga. Huanza kwa kuchimba. Udongo mzuri hupatikana kando ya vijito na katika mabonde yenye majimaji. Huchimbwa, huanikwa, hupondwa, hulowekwa, kisha huchambuliwa kwa vidole ili kuondoa kokoto na mizizi. Baada ya hayo hukandwa kwa muda mrefu, mpaka hewa iliyofungwa ndani itoke yote. Wala haufinyangwi peke yake: huchanganywa na mchanga, au na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, ili uweze kustahimili joto pasipo kupasuka.

Ndipo mwanafunzi afundishwapo kuviringisha udongo uwe kama kamba nene, na kuizungusha juu ya kitako cha chungu, duara juu ya duara. Kila kamba yapasa iungane na ile ya chini yake, kwa kidole kilicholowa maji, mpaka zisionekane tena kuwa mbili. Mahali palipounganishwa kwa haraka ndipo ufa utakapozaliwa, hata kama kwa nje pameng'aa. Kisha chungu huparuzwa, husuguliwa kwa jiwe laini la mtoni, na kuwekwa kivulini kikauke polepole. Kikianikwa juani kwa pupa, mdomo ulio mwembamba hukauka na kujikunja kabla ya kitako kilicho kinene, na sehemu hizo mbili hugombana mpaka chungu kipasuke.

Moto huja mwisho. Kabla ya moto, chungu kikavu chaweza kurudishwa majini kikawa matope tena. Lakini udongo ukiisha kupata joto la digrii 600 na kuzidi, haurudi tena kuwa matope hata ukilowekwa miaka mia. Kwa hiyo wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji.

Elimu hii isidharauliwe. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza kusoma sanaa. Hata hivyo mwaka 1974 alisafiri mpaka Abuja, nchini Nijeria, akakaa miguuni pa akina mama wafinyanzi ili wamfundishe kufinyanga kwa mikono pasipo gurudumu. Vyombo vyake leo vimewekwa katika nyumba kubwa za makumbusho, naye bado hufinyanga kwa mikono kwa kupandisha kamba za udongo.

II. Mfano wa msichana

Na utolewe mfano, ambao haumhusu mtu fulani, lakini ambao waweza kutokea kilima chochote karibu na Butembo. Msichana mmoja, mkatekumeni wa mwaka wa mwisho, alikuwa akijifunza ufinyanzi kwa mama mzee wa kijiji chake. Alikuwa pia mwanafunzi wa shule ya sekondari, na baba yake hakuweza kumlipia ada yote. Basi akafinyanga chungu kikubwa cha kupikia maharagwe, chungu chake cha kwanza cha kuuza, akitumaini kwamba bei yake itaitimiza ada iliyosalia.

Chungu kilitoka motoni kizuri, chekundu chenye weusi upande mmoja. Lakini alipokigonga kwa kidole, hakikulia kama kengele. Kililia kwa sauti nzito, kama mtu mwenye mafua. Msichana akakigeuza, akaona karibu na kitako ufa mwembamba kama unywele. Hakumwita mwalimu wake. Alichukua masizi na mafuta kidogo, akapaka mahali pale, na ufa haukuonekana tena.

Siku ya soko akaja mama mmoja mjane, aliyekimbia kijiji chake upande wa Beni kwa sababu ya mauaji yanayoisumbua nchi hiyo tangu mwaka 2014. Alitaka chungu cha kupikia maharagwe ya kuuza, apate kuwalisha watoto wake. Akakitazama chungu, akakisifu, akalipa. Hakuuliza neno. Msichana naye hakusema neno. Mjane akakifunga kwa kitambaa, akapanda gari kurudi Beni.

Jioni mama mzee alimwuliza: "Mwanangu, kile chungu ulipokigonga, kililiaje?"

Msichana akainama, akajibu: "Mama, hakuniuliza."

Mama mzee hakumkaripia. Alisema tu: "Mimi nimekuuliza chungu kililiaje, wewe wanijibu habari za mnunuzi. Basi moyo wako umeisha kujua swali lenyewe."

III. Swali

Swali lenyewe ni hili: Je, anyamazaye kuhusu kasoro ambayo hakuna aliyeiuliza, amesema uongo? Tena, je, ametenda dhambi?

Wako wasemao hapana, nao hutoa sababu nne.

Sababu ya kwanza: Uongo ni neno, na aliyenyamaza hakutoa neno lolote. Sababu ya pili: Mnunuzi ana macho na vidole, angeweza kukigonga chungu mwenyewe. Sababu ya tatu: Sokoni wote hufanya hivyo, naye asemaye ukweli peke yake hurudi nyumbani na mzigo wake. Sababu ya nne, iliyo nzito kuliko zote: Mwuzaji ni maskini, ada ya shule yadaiwa, na Mungu hawezi kumhukumu mtoto wa maskini kwa ajili ya ufa mwembamba kama unywele.

Sababu hizi zisichekwe. Yampasa mtu azijibu moja moja, maana kila mkatekumeni atazisikia, na mara nyingi atazisikia kutoka moyoni mwake mwenyewe.

IV. Majibu

Kwa sababu ya kwanza yajibiwa hivi: Mtu husema kwa ulimi, na husema pia kwa matendo. Anayeweka chungu sokoni kati ya vyungu vya kupikia, na kukidai bei ya chungu kizima, amekwisha kusema: Hiki chafaa moto. Masizi na mafuta aliyoyapaka yalikuwa maneno pia, na maneno hayo yalikuwa ya uongo. Hata kama asingepaka kitu, kimya chake mbele ya bei ile kingekuwa ushuhuda wa uongo.

Kwa sababu ya pili: Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa, aliyefariki mwaka 1274, alilichunguza jambo hili hasa, yaani kama mwuzaji alazimika kuzitaja kasoro za kitu anachokiuza. Akatofautisha kasoro zilizo wazi na zile zilizofichika. Akiuzwa farasi mwenye jicho moja, kila mtu aliona jicho lile. Mwuzaji akiisha kupunguza bei kwa haki, halazimiki kulitangaza. Lakini kasoro ikiwa imefichika, nayo yaweza kumtia mnunuzi hatarini au hasarani, mwuzaji alazimika kuisema. Akinyamaza atenda dhambi, na yampasa alipe hasara iliyotokea. Kwa hiyo macho ya mnunuzi humwondolea mwuzaji wajibu pale tu yanapoweza kuona. Mwenye kuuziba ufa kwa masizi ameyaziba macho hayo kwa mkono wake mwenyewe. Hawezi tena kujitetea kwayo.

Mtakatifu Tomaso aliongeza jambo la busara. Haimpasi mwuzaji apige mbiu sokoni kote kwamba mali yake ina kasoro, maana wanunuzi wangekimbia wote pasipo kujua kwamba kitu kile chaweza kuwafaa kwa kazi nyingine. Yatosha amwambie yule anayekuja kununua, ili mtu huyo apime mwenyewe mema na mabaya ya kitu kile.

Kwa sababu ya tatu: Wingi wa watendao haubadili jina la tendo. Hapa yafaa kumkumbuka Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite kwenda kwa watu. Alikataa. Angeweza kusema kwamba wengine hupokea, na kwamba walaji hawatamwuliza. Lakini alijua kwamba atakayekula ni mtu, wala hakukubali kuuza afya ya watu asiowajua. Aliuawa mwezi wa Julai mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Chakula kile kilikuwa kama chungu chenye ufa, naye hakukubali kupaka masizi.

Kwa sababu ya nne yajibiwa kwa upole, lakini yajibiwa. Umaskini wa msichana ni wa kweli, na aibu ya kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada ni ya kweli. Lakini mjane naye ni maskini. Chungu kitakapopasuka juu ya mafiga, maharagwe yatamwagika majivuni, na watoto watalala njaa. Tena kikipasuka ghafula, maji yanayochemka yaweza kumwunguza mtoto aliye karibu. Basi msichana hakuuondoa umaskini. Aliutoa begani mwake akamtwika mwingine asiyejua, kisha akachukua fedha juu yake. Mungu huona machozi ya maskini anayeuza. Huona vilevile machozi ya maskini anayenunua.

V. Chungu chenye ufa kina kazi yake

Hapo mtu aweza kuuliza: Je, chungu chenye ufa kivunjwe? Sivyo. Chungu kisichofaa kwa moto chaweza kutunza maharagwe makavu, au chumvi, au mbegu za kupanda. Bei yake itapungua, lakini kitakaa miaka mingi katika kazi inayokifaa. Kilichohatarisha chungu kile si ufa wake, bali ni kusifiwa kuwa hakina ufa. Ukweli ungekiweka mahali pake. Uongo ulikipeleka motoni.

Tena hata chungu kilichovunjika kabisa hakikosi faida. Vigae vyake husagwa na kuchanganywa na udongo mpya, navyo huufanya uwe imara. Kwa hiyo katika chungu kizima kinachostahimili moto, mna ndani yake chungu kingine kilichovunjika zamani. Ndivyo Mungu azitumiavyo hata anguko za watu wanyenyekevu. Mzee aliyewahi kushindwa na pombe, akaungama na kuinuka, humtia nguvu kijana anayejaribiwa kuliko yule asiyejua vita hivyo.

VI. Mkatekumeni na ufa wake

Mafundisho haya yanamhusu mkatekumeni kuliko mfinyanzi. Safari ya ukatekumeni ni ndefu kwa makusudi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliagiza kwamba watu wafundishwe kwa muda wa miaka minne; na Kanisa lote, kwa utaratibu wa mwaka 1972, limeweka tena hatua za kuwaingiza watu wazima katika Ukristu, pamoja na ibada za kuichunguza mioyo katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima. Wengine hunung'unika kwamba muda ni mrefu. Lakini chungu kinachokaushwa kwa pupa hupasuka. Miezi hiyo ni kivuli ambamo moyo wakauka polepole, na ufa wowote uonekane ungali waweza kuzibwa kwa maji na kidole.

Sasa yuko mkatekumeni ajuaye kwamba ana ufa. Labda aliahidi ndoa mahali pengine. Labda anazo hirizi zilizofichwa juu ya dari. Labda analima shamba alilomnyang'anya ndugu yake. Katekista hakumwuliza, padri hakumwuliza. Naye asema kama msichana wa mfano: "Hakuniuliza." Anatumaini kwamba maji ya Ubatizo yatafunika yote.

Ni kweli kwamba Ubatizo huondoa dhambi zote, hata zilizo kubwa. Lakini mtu mzima hana budi kuja akizijutia na kuziacha. Ajaye huku ameishika dhambi yake mkononi hupata ile alama ya rohoni isiyofutika, kama chungu kilichopitia moto kisivyoweza kurudi kuwa matope. Bali neema huzuiliwa nje mpaka atubu kweli. Huyo amepaka masizi mbele ya Mungu, ambaye hana haja ya kugonga ili asikie.

Haimpasi mkatekumeni ayatangaze maisha yake mbele ya kijiji kizima. Lile neno la Mtakatifu Tomaso kuhusu mbiu ya sokoni lamfaa hapa pia. Amwambie padri, yaani yule anayepaswa kujua, faraghani na kwa wakati. Akiambiwa angoje mwaka mwingine mpaka jambo lake litengenezwe, asidhani ametupwa. Mfinyanzi wa Yeremia hakuutupa udongo.

VII. Wasikilizaji nao wana wajibu

Liko jambo moja ambalo wengi hulisahau. Watu huficha nyufa kwa sababu wameona jinsi wenye nyufa wanavyotendewa. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia upande wa Beni; ikafika Butembo, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Siku zile wako walioficha homa zao. Wengine waliogopa kutengwa, wengine waliogopa kuchekwa, wengine hawakuwaamini waliokuja kuwatibu. Kimya chao kiliwafikia watoto wao na majirani zao. Lakini kosa halikuwa lao peke yao. Jirani anayemkimbia na kumtukana mgonjwa aliyesema kweli amewafundisha wagonjwa kumi kunyamaza.

Ndivyo ilivyo katika shirika la Wakristu. Anayekwenda kwa kisima kusimulia ufa wa mwenzake hasemi ukweli kwa ajili ya haki, anasengenya. Ukweli wa mwuzaji humlinda mnunuzi, bali maneno ya msengenyaji hayamlindi mtu yeyote. Kwa hiyo Wakristu wataka wakatekumeni waseme kweli? Basi na wawe watu ambao kweli yaweza kuaminiwa mikononi mwao.

VIII. Mwisho wa mfano

Na msichana alifanya nini? Mama mzee hakumwambia maneno mengi. Alimpa udongo, akamwambia afinyange chungu kingine, naye akakaa karibu akitazama kila kamba inavyoungwa. Majuma matatu yalipita, kwa kuwa kukausha hakuharakishwi. Chungu kilipotoka motoni, msichana alikigonga mbele ya mwalimu wake, nacho kikalia vizuri.

Siku ya soko mjane alirudi kuuza mchicha wake. Msichana akamwendea mwenyewe, akamwambia: "Mama, chungu nilichokuuzia kilikuwa na ufa, nami nilijua. Nisamehe. Chukua hiki, na kile kitunzie vitu vikavu."

Mjane alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba chungu cha kwanza kilikuwa kimekwisha kupasuka, na maharagwe ya siku ile yalipotea. Msichana akatoa fedha alizokuwa nazo, kwa ajili ya maharagwe. Ada yake haikutimia muhula ule. Wala mjane hakumsifu. Alichukua chungu na fedha, akaenda zake. Juma lililofuata alirudi tena, pamoja na mama mwingine kutoka Beni. Akamwonyesha msichana, akamwambia mwenzake: "Nunua kwa huyu. Huyu atakwambia."

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndivyo wasemavyo Waswahili wa pwani kuhusu nyumba. Kwa moyo wa binadamu yafaa kuongezwa kwamba ufa hauwezi kuzibwa kabla ya kusemwa. Mungu aliye Muumba amekwisha kusikia jinsi kila chombo kinavyolia. Wala haulizi ili apate kujua. Auliza ili mwanadamu apate kujibu.

Maswali ya kuzungumza pamoja na katekista

1. Kwa nini ufa hutokea katika chungu kinachokaushwa kwa pupa? Jambo hilo lafundisha nini juu ya muda wa ukatekumeni?

2. Kasoro gani yapasa mwuzaji aiseme, na kasoro gani halazimiki kuitangaza?

3. Je, umaskini wa msichana ulimpa ruhusa ya kunyamaza? Toa sababu.

4. Pana tofauti gani kati ya kusema ufa wako na kusema ufa wa mwenzako?

5. Katika kijiji chenu, watu huogopa kusema kweli kwa sababu gani? Wakristu wawezaje kuiondoa hofu hiyo?